Jinsi ya Kufuata Mihadhara na Matembezi ya Historia na Akiolojia Ayalandi: Mwongozo Kamili

Mtu anaweza kuishi Dublin miaka kumi, kila asubuhi akipita Kildare Street kwenda kazini, asijue kwamba nyuma ya ukuta wa Makumbusho ya Taifa kuna kikombe cha fedha cha karne ya 8, na kwamba kukiona ni bure. Ndivyo ilivyo pia kwa mihadhara, matembezi ya mashambani na siku za wazi za uchimbaji. Zipo tele, nyingi hazina kiingilio, na hakuna anayekuuliza mlangoni umezaliwa wapi. Kinachowazuia wengi wetu ni kutojua pa kuanzia, pamoja na ile dhana kwamba historia ya nchi ya watu ni ya wenyewe. Mimi siamini hivyo. Ukiishi mahali, watoto wako wakisoma hapo, udongo unaoukanyaga unakuhusu.

Mwongozo huu nimeuandika kwa wasemaji wa Kiswahili walioko Ayalandi, kwa wanaokuja kutembea, na kwa walio mbali wanaotaka kufuata kupitia intaneti.

Hatua ya kwanza: ijue kalenda

Shughuli nyingi hujikusanya katika vipindi vichache vya mwaka. Kubwa kuliko zote ni National Heritage Week, Wiki ya Urithi, inayofanyika Agosti. Inaitwa wiki lakini huanza Jumamosi na kumalizika Jumapili ya wiki inayofuata, siku tisa kamili. Inaratibiwa na Heritage Council yenye makao yake Kilkenny, ila wanaoandaa shughuli zenyewe ni watu wa kawaida: jumuiya za historia za parokia, maktaba, walimu waliostaafu, vikundi vinavyotunza makaburi ya zamani. Orodha nzima huwekwa kwenye tovuti ya wiki hiyo, na unaweza kuichuja kwa kaunti, kwa siku, au kwa shughuli zinazofaa watoto. Kama una nafasi mara moja tu kwa mwaka, chagua siku hizo tisa.

Septemba, kwa kawaida Ijumaa ya tatu, kuna Culture Night. Makumbusho, maktaba na majengo ya kihistoria hubaki wazi hadi usiku bila malipo. Ilianzia Dublin mwaka 2006 na sasa iko nchi nzima. Mwishoni mwa Septemba na kuingia Oktoba inafuata Dublin Festival of History, inayoandaliwa na Halmashauri ya Jiji la Dublin tangu 2013. Hapo utawasikia wanahistoria wakubwa bila kulipa, ilimradi uwahi kujiandikisha, kwa sababu viti huisha haraka.

Mwezi Mei hufanyika kumbukumbu ya kitaifa ya Njaa Kuu, ile ya 1845 hadi 1852 iliyoua watu wapatao milioni moja na kuwafukuza wengine milioni moja kwenda ng'ambo. Hiyo ni siku ya maombolezo, na anayekwenda aende kwa moyo huo.

Usidharau majira ya baridi. Kuanzia Oktoba hadi Aprili, wakati giza linaingia mapema na mashamba yamelowa, jumuiya za historia za kaunti hufanya mihadhara yao ya kila mwezi. Hukutana katika ukumbi wa parokia, maktaba au hoteli ya mji, mara nyingi saa mbili usiku. Hayo ndiyo mafunzo ya bei nafuu kuliko yote nchini.

Hatua ya pili: wajue wenye shughuli

Kuna taasisi nne ambazo unapaswa kujiandikisha kupokea barua pepe zao. Makumbusho ya Taifa, National Museum of Ireland, ina tawi la akiolojia Kildare Street, la sanaa na historia Collins Barracks, na la maisha ya mashambani Turlough Park karibu na Castlebar, Mayo. Royal Irish Academy iko Dawson Street, Dublin, na ilianzishwa 1785. Royal Society of Antiquaries of Ireland ilianzia Kilkenny mwaka 1849 na sasa iko Merrion Square. Majina yake yanaweza kukutisha, lakini zote hutoa mihadhara ya hadharani. Ya nne ni Ofisi ya Kazi za Umma, OPW, inayosimamia maeneo kama Newgrange, Clonmacnoise, Glendalough na Rock of Cashel. OPW huuza Heritage Card, kadi ya mwaka mzima inayokuingiza katika maeneo yake mengi yanayolipiwa. Familia yenye watoto ikipanga kuzunguka kiangazi kimoja, kadi hiyo hurudisha gharama yake upesi.

Halafu kuna afisa urithi wa kaunti. Huyu ni mtumishi wa halmashauri ambaye kazi yake ni kujua nani anafanya nini katika eneo lake. Mwandikie barua pepe fupi: "Naishi hapa, napenda historia, kuna jumuiya gani karibu nami?" Barua moja ya namna hiyo hukufikisha kwa watu ambao tovuti haziwataji.

Ukinilazimisha kuchagua, nitachagua jumuiya ndogo ya kaunti kabla ya ukumbi mkubwa wa Dublin. Ukumbini utamsikia profesa. Kwenye jumuiya utakaa kando ya mzee ambaye babu yake alilima shamba lenye boma la mviringo la miaka elfu moja na zaidi, naye atakuambia kwa nini hakuna mtu katika ukoo wao aliyewahi kuukata mti ulioota katikati yake.

Hatua ya tatu: anzia Kildare Street

Kabla ya mhadhara wowote, ingia makumbusho ya akiolojia walau mara moja. Hakuna kiingilio. Jumapili na Jumatatu kwa kawaida hufunguliwa kuanzia mchana, kwa hiyo hakikisha saa kwenye tovuti kabla ya kutoka nyumbani.

Nenda na orodha fupi, maana vitu ni vingi na macho huchoka. Kwanza dhahabu ya Enzi ya Shaba, iliyotandazwa chini ya paa refu la ukumbi wa kati. Pili kikombe cha Ardagh, kilichofukuliwa Limerick mwaka 1868 na kijana aliyekuwa akichimba viazi. Tatu brochi ya Tara, pini ya mapambo ya kufungia nguo, iliyopatikana 1850 karibu na Bettystown, mbali na kilima chenye jina hilo. Isogelee kabisa. Nyuzi za dhahabu zilizosukwa humo ni nyembamba kiasi kwamba mtu hujiuliza aliyezisuka alikuwa akiona kwa taa gani.

Kisha kuna miili iliyohifadhiwa na vinamasi vya mboji. Watu wawili, wanaoitwa Clonycavan na Oldcroghan kwa majina ya mahali walikopatikana, waligunduliwa mwaka 2003. Waliuawa kikatili zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na maji ya kinamasi yasiyo na hewa yakawahifadhi ngozi, nywele na kucha. Clonycavan alikuwa amepaka nywele zake utomvu wa msonobari uliotoka Ufaransa au Hispania, na hilo linaonyesha biashara ya masafa marefu. Miili hii imewekwa ndani ya vyumba vya mviringo vilivyozungushiwa kuta, hivyo asiyetaka kuona maiti anaweza kupita bila kuiona. Mwenye watoto azungumze nao kabla ya kuingia. Hao ni wanadamu waliokufa, na nyuso zao zinastahili heshima ileile tunayowapa marehemu wetu.

Ukibaki na nguvu, ndani ya eneo la Dublin Castle kuna Chester Beatty, bure pia, yenye misahafu ya kale ya Kurani na vipande vya mafunjo vya Biblia vya karne za mwanzo za Ukristo. Si historia ya Ayalandi moja kwa moja, ila mihadhara yake ni mizuri mno na wengi wetu tutajiona humo.

Hatua ya nne: jiandae nusu saa kabla ya matembezi

Hapa ndipo watu wengi hupoteza faida. Ukifika kwenye kilima chenye majani hujui chochote, utaona kilima chenye majani. Fanya mambo matatu.

Fungua ramani ya makaburi na majengo ya kale ya National Monuments Service kwenye intaneti, inaitwa Historic Environment Viewer. Weka jina la mahali unapokwenda. Kila nukta ni kitu kilichoandikishwa: boma, kanisa lililobomoka, kisima kitakatifu, jiwe lililosimamishwa. Huenda ukagundua kimoja nyuma ya nyumba yako.

Pili, ingia tovuti ya dúchas.ie utafute Mkusanyo wa Shule (Schools' Collection). Kati ya 1937 na 1939 watoto wa shule za msingi zipatazo 5,000 walitumwa kuwauliza wazazi, mabibi na mababu hadithi za kwao: tiba za mitishamba, vizuka, hazina zilizofukiwa, kumbukumbu za njaa. Waliyoyaandika kwa mkono yamepigwa picha na kuwekwa wazi kwa kila mtu. Soma kurasa mbili tatu za kijiji unachokwenda kabla hujaondoka, nawe utafika ukiwa na la kuuliza.

Tatu, angalia kama mhadhara unahitaji kujiandikisha. Mingi ni bure lakini si wazi. Nafasi zake zina idadi maalumu. Ukijiandikisha na ukashindwa kwenda, futa jina lako mapema ili mwingine apate kiti.

Hatua ya tano: Newgrange, kwa utaratibu wake

Eneo hili lina taratibu zake, kwa hiyo nalieleza peke yake. Newgrange ni kaburi lenye ujia lililojengwa karibu mwaka 3200 KK katika bonde la mto Boyne, kaunti ya Meath. Ni la zamani kuliko piramidi kuu ya Giza. Kilima kimezungushiwa mawe makubwa 97, baadhi yakiwa yamechongwa mizunguko na pembe, na ndani yake kuna ujia wa mita 19 unaoishia kwenye chumba ambacho paa lake la mawe halivuji hadi leo. Pamoja na makaburi jirani ya Knowth na Dowth, limo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 1993.

Huwezi kuendesha gari hadi mlangoni. Unakata tiketi mapema kwenye mtandao, unafika kituo cha wageni upande wa Donore, kisha basi dogo linakupeleka. Kiangazi nafasi za kuingia chumbani huisha siku nyingi kabla. Ndani, kiongozi huzima taa na kuwasha moja tu inayoigiza mwanga wa jua la Desemba. Mwenye hofu ya mahali pembamba aseme mapema, kwani ujia unabana na utalazimika kuinama.

Mwanga halisi huingia asubuhi za siku fupi kuliko zote za mwaka, karibu na tarehe 21 Desemba. Juu ya mlango kuna tundu lililojengwa makusudi. Jua likichomoza, kama saa 2:58 asubuhi, mshale wa nuru hupita tunduni, hutambaa kwenye ujia na kufika chumbani, na hukaa humo dakika 17. Profesa Michael J. O'Kelly alilishuhudia hilo tarehe 21 Desemba 1967 akiwa peke yake ndani. Kilichompeleka ni maneno ya wenyeji, waliokuwa wakisimulia tangu zamani kwamba jua huingia mle. Wasomi walikuwa hawajalitilia maanani.

Kuingia siku hizo ni kwa bahati nasibu. Unatuma maombi kwa muda uliotangazwa, majina huchaguliwa vuli, na wachache hupata. Makumi ya maelfu huomba kila mwaka. Omba tu, hakuna gharama. Usipochaguliwa zipo njia mbili: kwenda kusimama nje alfajiri pamoja na mamia ya wengine, au kutazama matangazo ya moja kwa moja ambayo OPW huyaweka kwenye intaneti. Nairobi na Dar es Salaam wakati huo ni saa 5:58 asubuhi. Mawingu yakitanda hakuna kitakachoonekana, na hilo hutokea mara nyingi.

Hatua ya sita: usafiri, mavazi na mpaka

Vaa buti zisizopitisha maji na koti la mvua hata kama jua linawaka unapotoka. Mwavuli acha nyumbani. Kilimani Tara upepo utaugeuza. Mashamba mengi ni mali binafsi na mwenye shamba ameruhusu kwa hisani yake: funga kila geti kama ulivyolikuta, usiwasogelee ng'ombe wenye ndama, usirushe droni bila idhini.

Mabasi hayafiki maeneo mengi ya kale. Kabla ya kukata tamaa, mpigie mwandaaji umuulize kama kuna mtu anayetoka upande wako. Kwa uzoefu wangu watu hujitolea kukuchukua garini bila kinyongo, na safari hiyo huwa nusu ya elimu. Jumuiya nyingi pia hukodi basi mara moja au mbili kiangazi.

Kuna jambo moja ambalo wenyeji hawatakuambia kwa sababu wao haliwagusi. Armagh, palipo Navan Fort, makao ya wafalme wa Ulster katika hadithi za kale, iko Ayalandi ya Kaskazini, yaani ndani ya Uingereza. Barabarani huoni kizuizi wala bango la mpaka. Lakini mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda au Kongo anahitaji ruhusa ya Uingereza, na kibali cha kuishi cha Jamhuri ya Ayalandi peke yake hakitoshi. Polisi huweza kukagua ndani ya basi. Thibitisha hadhi yako kabla ya kujiandikisha kwa safari yoyote inayovuka.

Hatua ya saba: uliza

Mhadhara wa kawaida huchukua kama saa moja pamoja na maswali, kisha chai. Usiondoke kabla ya chai. Mambo mengi mazuri husemwa pale, vikombe vikiwa mkononi, na ndipo utakapoalikwa kwenye shughuli ambazo hazikutangazwa.

Swali lenye nguvu kuliko yote ni fupi: mmejuaje? Mwulize mwanaakiolojia alivyopata tarehe yake, nawe utaona uso wake ukichangamka. Kule Corlea, Longford, kuna barabara ya mbao za mwaloni iliyojengwa juu ya kinamasi. Wataalamu wanajua miti yake ilikatwa mwaka 148 KK au mwanzoni mwa uliofuata, kwa kuhesabu na kulinganisha duara za ukuaji ndani ya magogo. Mtoto wa miaka kumi akielezwa hivyo, anaelewa sayansi ni nini.

Kiingereza chako kisikutie haya. Lafudhi za Kerry na Donegal huwasumbua hata Waayalandi wenyewe. Ukikosa neno, mwombe msemaji arudie.

Hatua ya nane: usichimbe, usichukue

Ayalandi ina sheria kali hapa, na ina sababu. Tarehe 17 Februari 1980, baba na mwanawe wenye vifaa vya kugundua metali walifukua huko Derrynaflan, Tipperary, kikombe cha ibada, sahani ya fedha na vyombo vingine vya karne za 8 na 9. Kesi kuhusu nani mwenye mali ilifika Mahakama ya Juu, ikaamuliwa kwamba ni ya taifa. Sheria ya 1987 nayo ilibana matumizi ya vifaa hivyo. Leo kutafuta vitu vya kale kwa kifaa cha metali bila leseni ni kosa la jinai. Ukikuta kitu shambani au kwenye bustani yako, kiache mahali pake, piga picha, wapigie Makumbusho ya Taifa mara moja. Kitu kilichong'olewa kutoka udongo wake kimepoteza zaidi ya nusu ya habari zake.

Anayetaka kushika mwiko na brashi ana njia halali. Baadhi ya machimbo hupokea watu wa kujitolea, na Heritage Council ina mpango wa Adopt a Monument unaovisaidia vikundi vya mtaani kutunza kaburi au kanisa la kale lililo karibu nao.

Umma una nguvu kuliko unavyodhani. Mwaka 1978 watu wapatao 20,000 waliandamana Dublin kulinda mabaki ya mji wa Waviking pale Wood Quay, halmashauri ilipotaka kujenga ofisi juu yake. Ofisi zilijengwa, lakini wanaakiolojia walipata muda wa kuokoa vitu vingi, ambavyo sasa viko Kildare Street. Kipande cha ukuta wa mji wa karibu mwaka 1100 kimebaki ndani ya jengo hilohilo la halmashauri. Kukiwa na mhadhara humo, nenda, ukakae karibu na mawe yenyewe.

Hatua ya tisa: leta cha kwako

Heritage Week hupokea shughuli kutoka kwa mtu yeyote, na sisi tuna mambo ambayo jumuiya za huku zinayahitaji. Roger Casement alizaliwa Sandycove, Dublin, mwaka 1864. Akiwa balozi mdogo wa Uingereza, alipanda mto Kongo mwaka 1903, na ripoti yake ya 1904 ikafichua ukatili wa biashara ya utomvu wa mpira chini ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji. Waingereza walimnyonga London tarehe 3 Agosti 1916 kwa kushiriki mapambano ya uhuru wa Ayalandi. Mabaki yake yalirejeshwa 1965 na kuzikwa Glasnevin. Mihadhara juu yake ni mingi huku, ila ni mara chache mno Mkongo husimama mbele kueleza yale ambayo kwao yalisimuliwa kuhusu zama za mpira. Waganda nao wana Mama Kevina, mtawa mzaliwa wa Arklow aliyefika Uganda 1903 na kuanzisha hospitali ya Nsambya. Nairobi kuna kaburi la Edel Quinn wa Kanturk, mmisionari wa Legio ya Maria aliyefariki huko 1944.

Ukitaka kuandaa, anza masika. Nenda maktaba ya mji wako au jumuiya ya historia ya kaunti ukiwa na wazo la ukurasa mmoja: mada, msemaji, muda, idadi ya watu. Shirikiana nao badala ya kuandaa peke yako, kwa kuwa mara nyingi wao tayari wana ukumbi, projekta na bima. Usajili ukifunguliwa kwenye tovuti ya Heritage Week, jaza fomu mapema, weka picha iliyo wazi, taja kama kiti cha magurudumu kinaweza kuingia, na andika maelezo kwa Kiingereza na Kiswahili. Tangazo la Kiswahili lipeleke pia msikitini, kanisani na kwenye makundi ya WhatsApp wiki mbili kabla, kisha uwakumbushe watu tena siku mbili kabla.